Kujitoa Uhai: Maswali Tunayoogopa Kuulizana Isiolo

Kijana akifa ghafla Isiolo, habari mbili hutembea pamoja. Ya kwanza husemwa kwa sauti mbele ya waombolezaji: alikuwa na presha, alianguka, siku zake zilifika. Ya pili hunong'onwa nje ya boma wageni wakishaondoka. Maelezo haya yanahusu hiyo ya pili. Maswali yaliyomo ni yale ambayo watu huyauliza kwa mafumbo baada ya sala, kwenye foleni ya zahanati au kwa mwenye duka la dawa. Hapa yanajibiwa waziwazi, kwa sababu kuna watu wetu wanaokufa kwa kukosa mtu wa kuwauliza wana nini.

Jambo hili liko kwetu kweli, au ni la watu wa Nairobi?

Liko kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujitoa uhai kila mwaka, na kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwemo. Mwaka 2021 Idara ya Upelelezi wa Jinai ilieleza kuwa karibu watu 500 walijitoa uhai nchini katika miezi mitatu iliyoishia Juni, ilhali wastani wa awali ulikuwa kama 320 kwa mwaka mzima.

Na hao ni wale ambao habari zao zilifika polisi. Sheria inataka kifo kisicho cha kawaida kiripotiwe, na kuripoti kunaweza kuleta uchunguzi wa maiti. Familia ya Kiislamu inataka kumzika mtu wake kabla jua halijazama. Familia ya Kikristo inahofia kwamba padri au mchungaji atakataa kuja. Basi watu wanakubaliana kimyakimya kusema ni ugonjwa wa ghafla. Siwalaumu, kwa maana aibu hiyo ni mzigo mzito kwa watu ambao tayari wamefiwa. Lakini kaunti yetu, iliyokuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019, haiwezi kupanga bajeti kwa vifo ambavyo imefichwa.

Kwa nini mtu afikie huko?

Hakuna sababu moja, na anayekuambia ni ya mapenzi tu au ya madeni tu amesikia mwisho wa habari. Mara nyingi kuna ugonjwa wa sonona, huu ambao wengi wetu tunauita msongo wa mawazo, ambao haukutibiwa. Juu yake huongezeka pombe, maumivu ya mwili yasiyoisha, kupigwa nyumbani, kuachwa, kufukuzwa kazi au kuaibishwa mbele za watu. Miraa nayo ina sehemu yake. Hufukuza usingizi, na mtu mwenye mawazo mazito akikosa usingizi usiku baada ya usiku, mawazo hayo humzidi nguvu.

Isiolo ina mambo yake pia. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño na mafuriko, na waliokuwa wamebakiwa na wachache wakapoteza hata hao. Kwa mfugaji, ng'ombe na ngamia ni zaidi ya mali. Ndio mahari ya mwanawe na karo ya bintiye, na ndio sababu neno lake husikilizwa penye baraza. Mtu aliyezoea kutoa zaka akajikuta amepanga foleni ya msaada wa chakula mbele ya wanawe. Tulihesabu mizoga. Hatukumuuliza mwenyewe anaendeleaje.

Wazee wa hapa walishapitia jambo kama hili. Wakati wa vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, kipindi ambacho Waborana wanakiita Gaafa Daaba, watu walizuiliwa kambini Garbatulla na Merti na mifugo yao ikapigwa risasi. Walionusurika walirudi bila kitu, na wengi hawakusimulia hata kwa watoto wao. Naamini ukimya wetu wa leo una mizizi pale: kizazi kizima cha wanaume kililea wana wao kwa mfano wa kumeza maumivu.

Kisha huu ni mji wa kambi za jeshi. Tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia Oktoba 2011, kuna wanaume waliorudi salama kwa macho ya watu, lakini wake zao ndio wanaojua wanavyoshtuka usiku. Na wako wasichana walioozwa wangali wa shule, na akina mama wachanga wanaolia wiki kadhaa baada ya kujifungua huku wakiambiwa wamshukuru Mungu kwa mtoto. Hawa wote ni watu wa kuulizwa.

Nikimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimemtia wazo hilo?

La. Nikiruhusiwa kujibu swali moja tu katika haya yote, nitachagua hili. Limechunguzwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi, na matokeo yanaelekea upande mmoja: kumuuliza mtu kwa upole kama anafikiria kujiua hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Aliye nalo amelala nalo peke yake usiku mwingi. Akiulizwa, mara nyingi hushusha pumzi, kwa sababu amepata mtu ambaye hakuogopa.

Chagua mahali pasipo na masikio. Usimuulize mbele ya mkewe wala mbele ya wazee. Mwanamume wa kwetu mara nyingi huzungumza vizuri zaidi mkitembea, au mkinywesha mifugo, kuliko akikalishwa na kutazamwa usoni. Anza na ulichokiona, kisha ulitaje jambo lenyewe. Kwa rika lako unaweza kusema: “Ndugu yangu, tangu wanyama waishe nakuona huli, hulali. Mtu akibanwa hivyo wakati mwingine huona afadhali afe. Wewe umefika hapo? Umefikiria kujiua?” Kwa mkubwa wako: “Abba, nisamehe kwa swali hili, mimi ni mtoto wako. Naona umebeba kitu kizito. Je, kuna siku unaona heri usingekuwepo?”

Ukishauliza, nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Tunakimbilia nasaha: wengine wana shida kuliko wewe, kaza moyo wewe ni mwanamume, fikiria watoto wako. Maneno haya yanatoka kwenye mapenzi, lakini anayeyasikia huongezewa aibu juu ya maumivu, na hatafungua mdomo tena. Mwambie tu: “Asante kwa kuniambia. Siendi popote.” Mwache aseme. Akilia, alie.

Akikubali kwamba amefikiria kujiua, muulize kama ameshapanga ni lini na kwa namna gani. Akiwa na mpango, au akikwepa kwa njia inayokutia hofu, usimwache peke yake hata kwa nusu saa. Mwite mtu mwingine mnayeaminiana, mkae naye kwa zamu hadi afike kwa mhudumu wa afya. Akikuomba usimwambie yeyote, mjibu kwa ukweli kwamba heshima yake utailinda, ila siri inayoweza kumuua huwezi kuitunza.

Halafu uangalie nyumba. Dawa za kunyunyizia mifugo na mimea, akiba ya vidonge na silaha zote ziondolewe, zifungiwe kwa jirani au ndugu, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Wapo wanaodhani hili ni kazi bure, eti aliyeamua ameamua. Sri Lanka ilionyesha kinyume: ilipopiga marufuku dawa za shambani zilizo hatari zaidi, vifo vya kujitoa uhai vilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 katika takriban miongo miwili. Hamu ya kufa hupanda na kushuka. Mtu akivushwa zile saa mbaya kabisa, mara nyingi hupata nafasi ya kutibiwa na kuishi.

Dalili nitazijuaje?

Sikiliza kwanza maneno. Inasemwa kwamba anayetangaza kujiua hawezi kujiua, na imani hiyo imetugharimu watu. Wengi waliojitoa uhai walisema kabla, japo kwa kuzunguka: nimechoka, mtakaa vizuri nikiondoka, mimi ni mzigo hapa.

Kisha tazama matendo. Mtu anayegawa vitu alivyovipenda, anayelipa hata madeni madogo yaliyosahaulika, anayepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi wakati si Ramadhani wala si safari ya Hija. Aliyekuwa haachi sala ya jamaa na sasa haonekani. Aliyezidisha pombe au miraa. Usidanganywe pia na utulivu wa ghafla baada ya wiki za huzuni kubwa, kwa sababu huenda mtu huyo ameshaamua.

Wapo pia wasiosema kabisa kwamba wana huzuni. Husema kichwa kinauma, kifua kinabana, moyo unaenda mbio, mwili ni mzito. Sera ya afya ya akili ya Kenya ya 2015 hadi 2030 inakadiria kuwa hadi asilimia 25 ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya waliolazwa, wana tatizo la afya ya akili. Mama akienda zahanati mara kadhaa kwa maumivu ya kichwa na kila mara apewe vidonge vya maumivu, ana haki ya kuulizwa analalaje na nyumbani kukoje.

Si ni majini? Au ni imani dhaifu?

Sonona huwapata wacha Mungu kama inavyowapata wengine. Imamu huugua, padri huugua, mtu aliyehifadhi Kurani nzima huugua. Kumwambia mgonjwa imani yake ni ndogo ni kumnyima kile alichokuwa amebaki nacho.

Kisomo na maombi vina nafasi yake, na sitamwambia mtu aache. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka Sericho husomewa dua huku gari likitafutwa. Na hapa iwe hivyo hivyo: sheikhe amsomee, mchungaji amwombee, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitali. Anayewafunga wagonjwa kamba, kuwapiga au kuwanyima chakula anawadhuru, hata akitumia jina la dini.

Kuhusu mazishi, hofu yetu imezidi mafundisho yenyewe. Uislamu unaharamisha kujiua, hilo halina ubishi. Hata hivyo wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, wanasema aliyekufa hivyo huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa na Waislamu wenzake. Kanisa Katoliki nalo, katika Katekisimu ya mwaka 1992, linakiri kwamba maradhi mazito ya nafsi na hofu kubwa hupunguza lawama ya mtu, na linawaombea waliojitoa uhai. Ingefaa sana maimamu na mapadri wetu walitangaze hili mimbarini na altareni kabla ya msiba, lisisubiri familia ije kuuliza ikiwa na maiti ndani.

Akinusurika, polisi watamkamata?

Zamani, ndiyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa hadi miaka miwili, kutozwa faini, au yote mawili. Sheria hiyo tuliirithi kwa wakoloni. Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961, na sisi tukaendelea nayo. Watu walitoka kitandani hospitalini wakapelekwa kizimbani. Familia nyingine, kwa kuogopa hilo, zilimficha mgonjwa ndani.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinawabagua wagonjwa, kinawavunjia utu na kuwanyima haki ya afya. Kesi ilikuwa imefikishwa mahakamani na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na mwananchi mmoja. Basi mtu wako akinusurika, mpeleke hospitali bila kuchelewa na ueleze ukweli wa kilichotokea ili atibiwe ipasavyo. Kinachobaki kuwa kosa kubwa ni kumsaidia au kumshawishi mtu ajiue.

Tanzania na Uganda jaribio la kujiua bado ni kosa katika vitabu vya sheria, na wenye ndugu huko wanafaa kulijua hilo.

Nimpeleke wapi?

Kwa aliye mjini, anzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo. Kukiwa na hatari ya haraka, nenda moja kwa moja sehemu ya dharura, saa yoyote, na useme bila kuzunguka: huyu anataka kujiua. Hospitali ya rufaa ya Meru, iliyo umbali wa kama kilomita 50, ina kitengo cha magonjwa ya akili. Mathari iliyoko Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, ni ya wale wanaohitaji matibabu makubwa zaidi. Wengi hawahitaji kufika huko.

Aliye Merti yuko kama kilomita 200 kutoka mjini, na barabara hiyo wakati wa mvua tunaijua. Kwake mlango wa kwanza ni zahanati iliyo karibu. Muuguzi au klinikal ofisa anaweza kuitambua sonona na kuanza matibabu. Mhamasishaji wa afya ya jamii pia anaweza kufika nyumbani. Serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 nchi nzima Septemba 2023, na yule wa kijiji chako anapaswa kujua nyumba zenye mgonjwa.

Jambo moja kuhusu dawa, maana ndipo wengi hukata tamaa. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla mgonjwa hajaona nafuu. Anayezitupa siku ya tano kwa kuwa hazijamsaidia hakuzipa nafasi. Siku hizo za mwanzo asiachwe peke yake, na vidonge vyake avitunze mtu mwingine. Asiziache ghafla bila kumwona aliyemwandikia.

Dawa si njia pekee. Zimbabwe, tangu 2006, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda umewafundisha mabibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye mawazo, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Isiolo ina mabibi wa kutosha wenye subira na hekima. Kinachokosekana ni mafunzo, benchi na posho ndogo, na Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeipa serikali ya kaunti wajibu wa kupeleka huduma hizi kwa jamii. Mwulize mwakilishi wako wa wadi ni kiasi gani kimetengwa katika bajeti ya mwaka huu, na usitosheke na jibu la mdomo.

Na watoto?

Watoto nao hufikia huko. Matokeo ya mtihani, kupigwa, kuchafuliwa na mtu mzima, kuonewa shuleni: mtoto hana maneno ya kuyaeleza, basi hukojoa kitandani, hukataa shule, huwa mkali. Mkalishe umuulize. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Waliofiwa tuwaambie nini?

Nendeni kwao, kama mnavyokwenda kwa msiba wowote. Usiulize alifanyaje, na usimsimulie mwingine, wala usisambaze picha kwenye WhatsApp. Habari za namna mtu alivyojiua zikienea kwa undani zinaweza kumsukuma mwingine aliye ukingoni. Litajeni jina lake, semeni mema aliyoyafanya. Mjane asiambiwe angejua angemzuia. Wazo hilo tayari halimpi usingizi. Rudini baada ya arobaini, kwa kuwa wageni wakishaisha ndipo hatari huwajia waliobaki.

Na kama ni mimi?

Ikiwa unasoma haya na ni wewe unayefikiria kufa, basi hukuumbwa dhaifu na hujarukwa na akili. Una maumivu yaliyozidi uwezo wako wa leo, na yana matibabu. Watu wengi waliofika hapo ulipo wapo hai na wanaishi vizuri.

Usiamue lolote usiku wa leo. Ondoka penye kitu unachoweza kujidhuru nacho, nenda alipo mtu mwingine, umwambie sentensi moja tu: “Nafikiria kujiua, kaa na mimi.” Akishindwa kukuelewa, mwambie wa pili. Simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, haitozwi. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Kama mtandao haushiki hapo ulipo, amsha jirani sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.